Miwani ya VR na msamiati wa Kifaransa kwa watoto: niliyoyaona Jumamosi sita (uzi mrefu)

Mwl Chaki

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu niliuahidi kule kwenye mjadala wa vishikwambi, nikauchelewesha makusudi ili nimalizane na watoto kwanza ndipo nije kusema. Ni mrefu. Mwenye haraka ashuke mpaka kwa mtoto aliyegeuza shingo, asome hapo, aende zake.

Nafundisha Kifaransa hapa Arusha, tuisheni ya Jumamosi, watoto wa miaka 10 hadi 12. Msishangae Kifaransa Arusha. Mji huu una Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, una makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ambayo ndani yake wamo Warundi na Wakongo, na una waongoza watalii ambao akijua Kifaransa hakai nyumbani msimu wa wageni. Wazazi hesabu hiyo wanaijua, ndiyo maana ada inalipwa.

Tatizo langu miaka yote ni msamiati. Nyimbo wanaimba, salamu wanasalimiana, lakini ukiwaambia le couteau ni kisu na la cuillère ni kijiko, Jumamosi hii wanakariri, Jumamosi ijayo kijiko kimekuwa kisu na kisu hakijulikani kilipo.

Mzazi mmoja akarudi safari na miwani mbili za VR za mtumba, zile zinazojitegemea, hazitaki kompyuta. Akaniambia, mwalimu, jaribu.

Kwa ambao hawajazivaa: watu wa istilahi wanaita uhalisia pepe. Ndani ya miwani kila jicho linapewa picha yake, zimetofautiana kidogo tu, ubongo unaziunganisha unaona kina kama cha chumba cha kweli. Vihisi vinafuata kichwa, ukigeuka kushoto unaona kilichoko kushoto. Na si jambo la jana. Ivan Sutherland kule Marekani alitengeneza cha kuvaa kichwani mwaka 1968, kizito mpaka ikabidi kining'inizwe darini.

Programu tuliyotumia inamweka mtoto katikati ya jiko. Ana rimoti mbili, moja kila mkono, na humo ndani zinaonekana kama mikono. Akishika kitu, sauti inataja jina lake kwa Kifaransa na maandishi yanaelea juu yake. Wakishazoea, sauti inaanza kuamuru: chukua kisu, fungua droo, weka yai kwenye sufuria.

Jumamosi ya kwanza sikufundisha kitu, nilisimamia foleni. Watoto 14, miwani 2, dakika 7 kila mmoja, hapo tayari dakika 49 zimekwenda. Ongeza kufuta jasho kwenye sponji, kukaza mikanda, na yule anayegoma kuvua. Wanaosubiri wanaangua kicheko kumwona mwenzao anapapasa hewa kama anakamata kuku gizani. Kuanzia ya pili nikagawa: wawili kwenye miwani, wengine kwenye meza ya kadi, wengine kwenye meza ya vitu halisi. Hiyo meza ya vitu halisi nitairudia.

Sasa yale niliyoyaona.

Kwanza, vitu. Yai, chumvi, kisu, maji, sahani: haya waliyashika upesi kuliko nilivyowahi kuona. Lakini jiko lile ni la Ulaya. Kuna oveni ukutani, kibaniko cha mkate, na mashine ya kuosha vyombo, le lave-vaisselle. Mtoto mmoja akaifungua, akachungulia, akauliza hii ni nini. Nikamwambia inaosha vyombo. Akavua miwani akanitazama: "Kumbe kwao hakuna dada?" Darasa likavunjika mbavu. Baada ya wiki mbili nikawauliza. Mashine wanaikumbuka wote, wanaweza kuichora mpaka mlango wake. Jina lake hakuna. Yai wanalijua. Nikaelewa kwamba nilikuwa nawatwisha mizigo miwili kwa pamoja, kitu kigeni na neno geni, na mtoto akiwa na mikono miwili tu anachukua kile kinachong'aa.

Pili, vitenzi. Hapa sikutegemea. Prends, mets, ouvre, ferme, coupe: chukua, weka, fungua, funga, kata. Mpaka leo wanayapigia kelele uwanjani, "Prends! Prends!" wakirushiana mpira. Sidhani sifa ni ya miwani. Kuna mwalimu wa saikolojia Marekani, James Asher, miaka ya 1960 alikuwa anafundisha lugha kwa amri tu, mwanafunzi anatii kwa mwili bila kulazimishwa kuongea. Sisi wenyewe tuliosoma shule za msingi za serikali, "stand up" na "sit down" nani aliwahi kuzisahau? Ulizijua kwa magoti.

Tatu, le na la, yale maneno madogo ya Kifaransa yanayotangulia jina na kuonyesha jinsia yake, ya kiume au ya kike. Hapa miwani ilinitupa kabisa. Mkono unashika kijiko, haushiki "la". Wanasema cuillère safi kabisa, jinsia imebaki jikoni. Mtoto wa Kiswahili ana akili ya ngeli tangu anyonye, hakosei kijiko kile, kisu kile, sahani ile, lakini upatanisho wetu unasikika katika sentensi nzima, na humo ndani hakuna sentensi, kuna jina linaloelea.

Nne, huyo wa shingo. Wiki ya nne niliwapa karatasi ya kawaida, picha na nafasi ya kuandika. Binti mmoja akafika kwenye picha ya droo, akakwama. Kalamu mdomoni. Kisha akageuza shingo kushoto, akainamisha macho kidogo kama anatafuta kitu chini ya meza, akaandika: le tiroir. Kwenye jiko la miwani, droo iko kushoto, chini ya bomba. Nilimwacha, nikatoka nje kidogo. Miaka kumi na moja ya chaki sijawahi kuona mtoto anakwenda kuchukua neno mahali lilipo.

Furaha yangu ilikaa mpaka saa sita mchana. Nilimwonyesha droo ya meza yangu mwenyewe, ya mbao, nikamuuliza qu'est-ce que c'est, hii ni nini? Akanyamaza.

Kizunguzungu nacho kipo. Sehemu ya jiko unasimama palepale, hakuna shida. Kuna sehemu ya soko, unasukuma kitufe unatembea bila miguu yako kutembea. Macho yanasema tunakwenda, sikio la ndani linasema tumesimama, tumbo linaamua kesi. Wawili waliugua, mmoja wao alitapika. Soko nikalifunga.

Naomba uzoefu wenu. Wenye matusi pia karibuni, ila yawe na hoja.

Ngoja Waje

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Hapo kwa dada wa kazi nimecheka peke yangu kwenye daladala, watu wakasogea mbali nami.

Mbishi wa Kiwengwa

Mwalimu, nakuheshimu, lakini mmenunua mashua kuvukia dimbwi.

Mie nimekulia Kiwengwa, pwani ya mashariki Unguja. Kule hoteli za Wataliano zimejipanga kama meno. Nilijua Kitaliano kabla sijajua kusoma vizuri. Hakuna aliyenifundisha, nilikuwa nauza kofia za ukili na vikuku ufukweni. Unajua neno la kwanza nililolijua barabara, mpaka leo likitajwa nashtuka usingizini? Sconto. Punguzo. Kila Mtaliano akilitamka faida yangu inashuka. Neno likikugusa mfukoni hulisahau, wallahi. Miwani yenu inamgusa mtoto wapi?

Mwl Chaki

Hoja nzito hii. Ila niletee Wafaransa mtaani kwangu Sakina wanunue vikuku kwa watoto wangu, nami miwani naichoma moto leo. Wewe ulikuwa na bahari iliyojaa walimu wenye pochi. Mtoto wa bara Mfaransa anamwona akiwa ndani ya Land Cruiser, kioo kimepandishwa, anaelekea mbugani.

Halafu niulize kwa nia njema: Kitaliano chako ni cha kuuza. Jokofu unaliitaje?

Mbishi wa Kiwengwa

Frigorifero, frigo kwa kifupi. Nilikuwa jikoni hotelini misimu minne, yakhe. Niulize lingine.

Ngoja Waje

😂😂 Mwalimu kachapwa darasani kwake.

Mwl Chaki

Nimekubali fimbo. Lakini umeona ulivyojijibu? Frigo uliipata jikoni, mlango wake ukiwa mkononi mwako, mpishi anakuharakisha. Mimi hicho ndicho ninachokitafuta kwa mtoto asiye na hoteli jirani.

Jicho Langu

Nafanya kazi ya kupima macho, naomba niongee kabla wazazi hawajakimbilia madukani.

Watengenezaji wenyewe wana mipaka ya umri. Meta walikuwa wanasema miaka 13, mwaka 2023 wakashusha hadi 10 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Sony kwa PlayStation VR wao ni 12. Kwa hiyo mwalimu, watoto wako wa miaka 10 wapo mlangoni kabisa.

Kuna kitu watu hawakiangalii: umbali kati ya mboni na mboni. Mtu mzima wastani ni kama milimita 63. Chukua mfano wa Quest 2, miwani ya hao Meta, lenzi zake zina nafasi tatu tu, 58, 63 na 68. Watoto wengi wako chini ya 58. Lenzi zikikaa nje ya mboni, picha ina ukungu na macho yanajilazimisha, mtoto hasemi kwa sababu anaogopa utamvua. Kifaa hichohicho kina gramu 503, nusu kilo imening'inia puani kwa shingo ya mtoto wa darasa la tano.

Halafu macho yetu yameumbwa kufanya kazi mbili pamoja: kitu kikija karibu yanaelekeana ndani, na wakati huohuo yanabadili ulengaji. Kwenye miwani hizi kazi ya kwanza inafanyika, ya pili haifanyiki, kwa kuwa lenzi zimewekwa kwa umbali mmoja. Dakika 7 na mapumziko, sawa. Nusu saa mfululizo, hapana.

Na tafadhali, sponji. Kumbukeni yale macho mekundu ya mwanzoni mwa 2024. Kila mtoto aje na kitambaa chake, au mweke kifuniko cha mpira kinachofutika kwa dawa kila anapovua mmoja.

Faida ndogo ambayo hamkuitegemea: mtoto akikwambia humo ndani anaona viwili viwili, au hakuna kina, picha ni bapa kama ya ukutani, usimwambie anadeka. Mlete. Wenye makengeza yaliyojificha tunawapata hivyo.

Mwl Chaki

Nakushukuru sana, daktari. Kuna mmoja alisema "bapa" nikadhani kakosa neno. Nitaongea na mama yake kesho.

Mama Wawili

Samahani kuingilia. Wangu ana miaka 4, nataka Kichina, baba yake anafanya biashara Guangzhou. Nikimwekea dakika tano tano?

Jicho Langu

Hapana mama. Hata tano.

Mwl Chaki

Naongezea kwa upande wa lugha. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake, Seattle, walichukua watoto wachanga wa miezi tisa wa nyumba za Kiingereza. Kundi moja likachezewa na kusomewa na Wachina ana kwa ana, vipindi 12. Kundi lingine likaonyeshwa watu walewale kwenye televisheni, maneno yaleyale. Wa ana kwa ana wakaweza kutofautisha sauti za Kichina. Wa televisheni walibaki sawasawa na ambao hawakusikia Kichina kabisa. Wako ni mkubwa kuliko hao, lakini kama baba ana mshirika wa biashara mwenye mke Dar, mnywe chai pamoja kila Jumapili.

Mama Wawili

Huyo mke ninaye, ni jirani. Kumbe nilikuwa na mwalimu nampita mlangoni na ndoo.

FundiSimu

Salamu kutoka Nakuru. Wacha nizungumze kuhusu pesa, maana naona mnajadili kifaa kana kwamba kila mtu ana mzazi wa kuleta mbili.

Kuna njia ya boksi. Google Cardboard ilitoka 2014: kadibodi, lenzi mbili, simu unaitumbukiza mbele. Mchoro wake ni wa bure, unakata mwenyewe. Msimbo wa programu waliuachia wazi 2019, na 2021 wakaacha kuyauza. Nimetengeneza kadhaa kwa maboksi ya viatu vya kiwanda, gharama kubwa ni lenzi.

Mtego ni simu. Simu nyingi za bei ya chini hazina jairoskopu, kihisi kinachojua kichwa kimezunguka. Bila hicho picha inaganda, mtoto anageuka, jiko linageuka naye. Kabla hujakata kadibodi, fungua video yoyote ya nyuzi 360 YouTube, inua simu, zunguka. Picha ikibadilika bila kidole, unacho.

Jambo la pili, musijenge darasa juu ya programu ya mtu. Google walikuwa na Expeditions, mwalimu anashika kishikwambi anaongoza watoto thelathini mahali pamoja, "tazameni kulia". Walimu wakaizoea. Juni 2021 ikafungwa. Picha nyingi zilihamishiwa Google Arts & Culture, lakini ule uwezo wa mwalimu kuongoza ukazikwa.

Ndiyo maana mimi natumia A-Frame, zana ya kujitengenezea VR inayofunguka kwenye kivinjari. Ilianza kwa watu wa Mozilla 2015, unaandika kama ukurasa wa wavuti tu. Picha yako ya nyuzi 360 unaifanya anga, maneno unayaning'iniza unapotaka, sauti unarekodi mwenyewe. Mwalimu, hilo jiko la Ulaya si lazima. Piga picha jiko la mama yako. Angalizo moja litakalokuokoa siku mbili za kuumwa kichwa: kivinjari hakitoi vihisi vya simu kama anwani haina https. Picha isipozunguka, usivunje simu.

Kama wewe ni wa Kenya, unakumbuka habari za vishikwambi vya shule za msingi. Vilivyokuja bila mwalimu kuandaliwa viliishia kufungiwa kabatini na kufuli. Hii nayo itaenda njia hiyo kama kitu cha kwanza kununuliwa ni kifaa.

Mwl Chaki

"Piga picha jiko la mama yako." Hii nimeiandika kwenye daftari.

Binti Wete

Nimesoma nikanyamaza tangu jana, sasa nasema. Mimi niko Muscat. Nyie mnatafuta lugha ya nje, kwangu lugha ya nje kwa mtoto ni Kiswahili. Binti yangu ana miaka 10, Kiarabu na Kiingereza anamwaga, Kiswahili anasikia hajibu. Bibi yake, mama yangu, yuko Wete Pemba. Wakiongea kwenye simu ni "hujambo", "sijambo", kimya, "haya mpe mama".

Kaka yangu ana ile kamera ndogo ya lenzi mbili, mbele na nyuma, inachukua pande zote. Nikamwambia nenda ukaiweke katikati ya jiko la mama, akipika, usimwambie chochote. Akaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa. Saa nzima. Mama anakuna nazi, anachuja tui kwa kifumbu, anatupa machicha, anachota maji kwa kata, anafunika chakula kwa kawa, anamfukuza paka, anamsema jirani. (Sehemu ya jirani nimeikata.)

Mtoto akavaa miwani hapa sebuleni. Kimya dakika nzima. Halafu kainua kichwa kutazama dari, makuti na moshi, akasema kwa Kiarabu, nyumba ya bibi haina taa. Hilo halikuwa neno nililotaka ajifunze lakini kalijua.

Nikampa orodha aitafute: kifumbu, kata, kawa, kinu, mchi, mbuzi. Vitano kavipata. Cha sita kahangaika, kageuka mara tatu, kavua miwani analalamika: "Mama, hakuna mbuzi, kuna paka tu." Nikamwambia mbuzi bibi kamkalia. Akashtuka!

Jioni tukampigia mama. Mtoto kwa mara ya kwanza kaanza yeye kuongea: "Bibi, nimeona mbuzi yule." Mama akauliza yupi, mbuzi wetu tumemuuza zamani. "Mbuzi yule wa nazi." Mama akacheka mpaka akakohoa. Akamwambia, "Mbuzi wa kula majani ndiye yule. Ya kukunia nazi, mbuzi ile, mwanangu. Ile." Mtoto akarudia, ile, ile. Wakakaa robo saa, mama anazungusha simu, huyu nani, hii nini.

Kwa hiyo Mwl Chaki, pale unaposema le na la zimebaki jikoni, yangu nayo ilibaki. Video ilikuwa na mbuzi, haikuwa na "ile". "Ile" ilitoka mdomoni kwa bibi, na ilitoka kwa sababu mtoto alikosea mbele ya mtu anayemcheka kwa mapenzi.

Mbishi wa Kiwengwa

Binti Wete, umenimaliza. Mie sibishi tena. Yaani nabisha kidogo tu: ingekuwa tiketi ya ndege ni rahisi, ungempeleka.

Binti Wete

Nikimpeleka ni wiki tatu kwa mwaka, inshallah. Wiki arubaini na tisa zilizobaki nifanye nini?

Kahawa Tungu

Nimefuatilia uzi kwa kuwa nilikuwa mpiga mbizi Mombasa zamani, na lile tukio la shingo limenikumbusha jambo tulilosimuliwa chuoni. Mwaka 1975 Godden na Baddeley kule Uingereza waliwapa wapiga mbizi orodha za maneno, mara wakiwa nchi kavu, mara chini ya maji. Orodha walizojifunzia majini walizikumbuka vizuri zaidi wakiulizwa majini, za nchi kavu nchi kavu. Ukiwabadilishia mahali, maneno yanapungua. Binti wako wa droo alikuwa mpiga mbizi. Neno liko chini, akigeuza shingo anazama analichukua. Ulipomwonyesha droo ya mbao ulikuwa umemtoa majini.

Swali langu: ulifanya nini baada ya hapo? Maana ukiacha pale, una watoto wanaojua Kifaransa cha chumba kimoja.

Mwl Chaki

Ndiyo ile meza ya vitu halisi niliyosema nitairudia.

Baada ya kimya cha yule binti nilibadili utaratibu. Mtoto akivua miwani haendi kukaa, anapita mezani. Pale nina kijiko cha plastiki, kijiko cha mbao, na kijiko kikubwa cha shughuli nilichoazima kwa mama lishe. Vyote la cuillère. Lazima amwombe mwenzake kwa sentensi nzima, na mwenzake ameagizwa asitoe kama hakusikia "la". Hapo ndipo jinsia iliporudi, kwa sababu bila "la" hupewi kijiko na uji unapoa. Uji ni wa kweli, nanunua mimi. Mbishi, hiyo ndiyo sconto yangu.

Droo tuliifuata ofisini, kisha nyumbani kila mtu akahesabu droo za kwao. Mmoja akarudi na jibu kwamba kwao hakuna hata moja, tukahesabu makabati.

Na kuna kadi. Mjerumani Sebastian Leitner alieleza njia hii mwaka 1972: unakuwa na visanduku. Kadi uliyoipata inasonga kisanduku cha mbele, ambacho kinafunguliwa kwa nadra zaidi. Uliyokosa inarudi cha kwanza, kinachofunguliwa kila siku. Natumia maboksi matatu ya viatu. Miwani wanavaa dakika 7, uji na meza dakika 20, maboksi wanapeleka nyumbani kwa zamu.

Na nikisema ukweli wote, wale wawili waliougua kizunguzungu wakaishia mezani na kwenye maboksi tu, hawakuvaa tena, maneno ya jikoni wanayo sawa na wenzao. Kitu wasichokuwa nacho ni hamu ile ya kufika saa mbili kasoro robo na kugonga dirisha. Waliovaa ndio wanaonigongea dirisha.

FundiSimu

Sasa ukipiga hilo jiko la nyumbani utaweka Kifaransa cha sufuria na mwiko? Mwiko wanauitaje?

Mwl Chaki

Mwiko wa ugali? Nimeuliza Mrundi mmoja wa hapa jumuiya, kaniambia yeye angesema spatule en bois halafu akaanza kucheka, akasema lakini kwetu tukiwa jikoni hatusemi Kifaransa. Nitaweka hiyo. Picha napiga Jumapili, mama kashaambiwa afagie, ingawa nilitaka asifagie.

Binti Wete

Fanya kama kaka yangu alivyofanya. Usimwambie mama siku.

Mama Wawili

FundiSimu, nimefungua hiyo video ya nyuzi 360 kama ulivyosema. Nimezunguka mpaka nimejigonga kwenye kabati, picha imekaa vilevile. Basi. Boksi la viatu ninalo, namba 42, la baba watoto. Mwalimu, kadi unakata saizi gani? Jirani Mchina kashakubali Jumapili, ila kaniambia yeye anataka kujifunza kupika pilau.

Mwl Chaki

Kata karatasi ngumu ya A4 vipande vinne. Upande mmoja picha, usiandike Kiswahili. Na pilau lianze na majina ya viungo.